Ndugu wa jina tu: Miaka 22 ya bendi ya Ramones

HUENDA umeiona fulana hiyo, msomaji, hata kama hujawahi kuusikia muziki wenyewe. Ni nyeusi, na kifuani ina duara jeupe lenye picha ya tai, mfano wa nembo ya Rais wa Marekani. Lakini ukiitazama vizuri utagundua kwamba tai huyu ameshika kirungu cha mchezo wa besiboli mahali pa mishale, na tawi la mtufaha mahali pa mzeituni. Ukingoni mwa duara pameandikwa majina ya watu wanne. Vijana wengi huivaa wakidhani ni nembo ya kampuni ya nguo.

Majina hayo ndiyo hadithi yenyewe. Kwa kawaida utasoma Johnny, Joey, Dee Dee na Tommy. Lakini ziko fulana nyingine ambazo mahali pa Tommy pameandikwa Marky, na nyingine ambazo Dee Dee hayumo kabisa, yumo C.J. Aliyeichora nembo hiyo ni msanii mzaliwa wa Mexico, Arturo Vega, aliyeandamana na bendi hiyo karibu kila ilikokwenda. Ukijua kuisoma, fulana itakueleza ni kikosi cha mwaka gani.

Bendi yenyewe ni Ramones, ya mjini New York, ambayo wengi huitaja kuwa mwasisi wa muziki wa panki, yaani ile roki ya mbio, fupi, isiyo na madoido. Kila aliyejiunga nayo alipewa jina la ukoo la Ramone, kana kwamba wote walinyonya ziwa moja. Ukweli ni kwamba hakuna hata wawili waliokuwa ndugu. Na katika ukoo huo wa kubuni, wawili walikaa zaidi ya miaka 10 karibu hawasemezani, huku wakipanda jukwaa moja usiku baada ya usiku. Je, watu huwezaje kuishi hivyo?

Walianza mwaka 1974 huko Forest Hills, mtaa wa wilaya ya Queens. John Cummings alikuwa akifanya kazi ya ujenzi. Yeye na rafiki yake Douglas Colvin walinunua magitaa Januari mwaka huo, wala hawakuwa mabingwa wa kuyapiga. Wakamchukua Jeffrey Hyman, kijana mwembamba, mrefu kama mlingoti, mwenye haya nyingi na maradhi ya akili yanayomlazimisha mtu kurudia jambo dogo mara kadha wa kadha. Wa nne alikuwa Thomas Erdelyi, mzaliwa wa Budapest nchini Hungary, ambaye alikuwa amefanya kazi katika studio ya kurekodia na ndiye aliyewasukuma wenzake waunde bendi.

Jina la Ramone lililetwa na Colvin. Alikuwa amesikia kwamba Paul McCartney wa Beatles aliwahi kujiita Paul Ramon alipotaka kujificha. Basi John akawa Johnny Ramone, Douglas akawa Dee Dee, Jeffrey akawa Joey na Thomas akawa Tommy.

Mwanzoni kila mtu alikaa kiti kisichokuwa chake. Joey alipiga dramu na Dee Dee akaimba huku akipiga gitaa la besi. Dee Dee alishindwa kufanya mawili kwa wakati mmoja, naye Joey akashindwa kwenda na ile kasi. Ikaamuliwa Joey aimbe. Tommy, ambaye wakati huo alikuwa meneja tu, alipewa kazi ya kuwajaribu wapiga dramu. Walikuja, wakapiga mitindo yao ya mbwembwe, naye kila mara akikaa mwenyewe kuwaonyesha mdundo uliotakiwa. Mwishowe wenzake walimwambia abaki pale pale.

Agosti 1974 walipanda jukwaa la CBGB, baa iliyokuwa mtaa wa Bowery. Tumbuizo zima la siku hizo lilichukua kama robo saa hivi. Naam, robo saa! Wimbo uliisha kabla hujamaliza kujiuliza kama unaupenda, na mwingine ukawa umeanza. Wote walivaa koti jeusi la ngozi na suruali ya jinzi iliyochanika magotini.

Santuri yao ya kwanza ilitoka mwaka 1976. Iligharimu dola 6,400 tu kurekodiwa, na nyimbo zake 14 zilimalizika kabla ya nusu saa. Haikuuzwa sana. Katika orodha ya mauzo ya Marekani ilifika nambari 111 tu. Lakini Julai 4 mwaka huo, siku ambayo Wamarekani walikuwa wakiadhimisha miaka 200 ya uhuru wao, Ramones walikuwa London, wakitumbuiza umati katika ukumbi wa Roundhouse. Muda si muda Uingereza ikafurika bendi za panki, na baadhi yake zikapata umaarufu na pesa kuliko wao.

Hapo ndipo kovu la kwanza lilipoanzia. Walitoa santuri mbili mwaka 1977 na kusifiwa na waandishi wa muziki, lakini redio ziliwapa mgongo. Riziki yao ikawa ni barabara. Walisafiri kwa gari dogo, tuseme la kiasi cha matatu, mji hadi mji, na nidhamu ya safari ilikuwa mikononi mwa Johnny. Tommy, aliyependa utulivu wa studio, alichoka na maisha hayo. Mwaka 1978 aliacha dramu, ingawa alibaki kuwatayarishia santuri iliyofuata.

Nafasi yake ilichukuliwa na Marc Bell, ambaye sasa aliitwa Marky Ramone. Sisi tumezoea mtindo mwingine. Mnakumbuka jinsi waliotoka Simba Wanyika mwaka 1978 walivyoanzisha Les Wanyika, na mashabiki wakawa na bendi mbili za kushangilia. Kwa Ramones jina halikugawanyika. Anayeondoka huondoka mwenyewe, na anayeingia huvikwa koti la ngozi na jina la ukoo.

Mwaka 1980 walijaribu kuutafuta utajiri kwa njia nyingine. Walimwendea Phil Spector, mtayarishaji aliyesifika sana miaka ya 60, na santuri waliyoitoa ilifika nambari 44 Marekani. Hawakupata kupanda juu zaidi ya hapo maisha yao yote.

Ni karibu na wakati huo ambapo nyumba iliingia ufa. Joey alikuwa na mpenzi aliyesafiri nao mara nyingi. Mwanamke huyo akamwacha, akaenda kwa Johnny, na baadaye wakaoana. Joey hakumsamehe. Ongeza hapo siasa. Johnny alikuwa mhafidhina wa chama cha Republican, hali Joey alipinga karibu kila alichokiamini mwenzake. Rais Reagan alipozuru makaburi ya wanajeshi wa Ujerumani kule Bitburg mwaka 1985, Joey alishiriki kutunga wimbo wa kumlaani. Johnny hakufurahi hata kidogo.

Ungedhani kuwa mmoja wao angekusanya virago. Hakuna aliyetoka. Johnny aliichukulia bendi kama kazi ya kibarua, kwamba unafika kwa wakati, unapiga, unalipwa. Joey naye hakuwa na kitu kingine maishani kilichomfanya ajione mtu mkubwa. Kwa maoni yangu ndiyo sababu waliobadilishwa walikuwa wengine. Mimba ya ugomvi ilikuwa ya wawili, lakini waliotapika walikuwa mpiga dramu na mpiga besi.

Marky alifukuzwa mwaka 1983 kwa sababu ya ulevi. Akaja Richard Reinhardt, yaani Richie, mwenye mkono mwepesi, ambaye pia aliweza kutunga na kuimba. Tommy alirudi studio kwa muda kuwatayarishia santuri ya mwaka 1984, na wengi husema ni miongoni mwa zile nzuri za kipindi hicho. Lakini Richie aligundua jambo ambalo wewe nami tungeligundua pia. Bendi hii iliuza fulana kwa wingi, na pesa za fulana hazikumfikia. Akaomba fungu lake, akanyimwa. Agosti 1987 alitoka, akiwa amepiga dramu miaka minne na nusu hivi. Jina la ukoo alipewa bure, lakini urithi ulikuwa na wenyewe.

Kuna kichekesho hapa. Kwa kuwa tayari walikuwa wameahidi kutumbuiza, walimwazima Clem Burke, mpiga dramu hodari wa bendi ya Blondie, wakamwita Elvis Ramone. Burke alipiga usiku wa Agosti 28 na 29, na kasi ile ikamshinda. Elvis akawa Ramone wa siku mbili. Marky, ambaye sasa alikuwa ameacha pombe, akaitwa nyumbani.

Pengo kubwa lilitokea mwaka 1989. Dee Dee, mtunzi wa nyimbo zao nyingi zinazopendwa na mtumwa wa heroini tangu ujana, aliihama bendi. Alikuwa ameanza kuimba rapu akijiita Dee Dee King, na hakuna aliyemwelewa. Mahali pake aliingia Christopher Joseph Ward, kijana wa miaka 23 aliyetoka katika jeshi la wanamaji. Huyo ndiye C.J. Ramones walipotoa santuri ya kwanza yeye alikuwa mtoto wa miaka 10. Cha ajabu ni kwamba Dee Dee aliendelea kuwatungia nyimbo akiwa nje, na C.J. akawa anaziimba.

Kikosi hicho cha Joey, Johnny, Marky na C.J. ndicho kilichofika mwisho. Huko Argentina na Brazil walipokewa kwa vishindo ambavyo kwao Marekani hawakuviona, na Machi 1996 walijaza uwanja wa River Plate, Buenos Aires. Agosti 6 mwaka huo, mjini Los Angeles, walitumbuiza kwa mara ya mwisho. Lilikuwa onyesho la 2,263, hesabu inayozidi maonyesho 100 kila mwaka kwa miaka 22. Dee Dee alipanda jukwaani kuimba nao wimbo mmoja, akasahau maneno. Baadaye kila mtu akashika njia yake.

Joey alifariki Aprili 15, 2001 kwa saratani ya tezi, akiwa na miaka 49. Johnny hakumpigia simu wakati wa ugonjwa. Hata hivyo, katika filamu kuhusu bendi hiyo iliyotoka mwaka 2003, alikiri kwamba baada ya msiba ule alishikwa na majonzi juma zima, wala hakujua ni kwa nini.

Machi 2002 Ramones waliingizwa katika Jumba la Heshima la Roki nchini Marekani. Waliotajwa ni Joey, Johnny, Dee Dee, Tommy na Marky. Richie na C.J. hawakuwemo. Johnny alimwombea baraka Rais Bush. Tommy alisema kwamba, watu waamini wasiamini, wao walipendana kwelikweli kama ndugu hata walipokuwa hawatendeani vyema. Miezi mitatu haikupita, Dee Dee akafa kwa heroini, Juni 5. Johnny alifuata Septemba 15, 2004 kwa saratani ya tezi dume.

Ile santuri ya dola 6,400 nayo iliendelea kuuzwa polepole, nakala baada ya nakala. Aprili 2014, miaka 38 baada ya kutolewa, ilitunukiwa cheti cha dhahabu, yaani imetimiza nakala 500,000 nchini Marekani. Kati ya wale wanne walioirekodi, aliyekuwa hai ni Tommy peke yake. Alifariki Julai 11 mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 65.