Mfumo Endeshi Huria katika Uunganishaji wa Seva za Kampuni

Uunganishaji wa seva ni hatua ya kuhamishia kazi za mashine nyingi kwenye mashine chache zenye nguvu zaidi. Chimbuko lake ni hali ya kawaida katika vyumba vya kompyuta: kila huduma hupewa seva yake, na seva hiyo hukaa bila kazi muda mrefu huku ikitumia umeme na kuhitaji mtunzaji.

Mwishoni mwa mwaka 2000 ilitangazwa kuwa Telia, kampuni ya simu ya Uswidi, ingeondoa seva 70 na badala yake kutumia kompyuta kubwa moja ya IBM, aina ya S/390, inayoendesha Linux. Mashine hiyo ingegawanywa na programu iitwayo VM kuwa kompyuta pepe nyingi, kila moja ikifanya kazi kana kwamba iko peke yake. Mbinu hiyo haikuwa mpya. IBM ilitoa VM/370 mwaka 1972. Kilichoongezwa na Linux ni ruhusa. Leseni ya GPL inamruhusu mtumiaji kunakili mfumo mara nyingi atakavyo, hivyo kumpa kila mteja seva pepe yake hakukudai malipo mapya ya leseni ya mfumo endeshi. Hoja inayorudiwa mno, kwamba Linux ni ya bure, ni dhaifu zaidi: S/390 na VM zenyewe zilikuwa bidhaa za kulipiwa, tena ghali. Hitaji hilo lilipungua mwaka 2007, KVM ilipoingizwa katika kiini cha Linux, toleo la 2.6.20, na kuwezesha ugawaji huo kwenye seva za kawaida.

Hata hivyo, uunganishaji hukusanya pia hatari. Mashine moja ikiharibika, huduma zote zilizomo husimama, isipokuwa pawepo mashine ya akiba. Hatari isiyoonekana kwa urahisi ni ya matunzo. Tarehe 8 Desemba 2020 ilitangazwa kuwa CentOS 8, iliyotarajiwa kuhudumiwa hadi mwaka 2029, ingekoma mwishoni mwa 2021. Kampuni zilizokuwa zimeunganisha seva zao juu yake zilibakiwa na takriban mwaka mmoja wa kuhama. Leseni huria haikuwapa ahadi ya matunzo. Iliwapa msimbo, ambao kwao AlmaLinux na Rocky Linux zilijengwa mwaka 2021.