Drone Yako Haijui Kuna Mlima

Wasee wa Kasese na Bwera, tuambiane ukweli: drone sai ni luku. Harusi bila video ya juu, watu wanakuona mshamba. Lakini mbogi kubwa inajua tu kupaisha. Venye hiyo kitu hukaa hewani bila kuyumba, hawajai uliza.

Cheki. Kazi ngumu si yako na rimoti yako, ni ya ka-kompyuta kamefichwa ndani. Jairo inahisi drone ikiinama, baromita inapima kimo kwa presha ya hewa, GPS inaonyesha iko wapi. Kwa ArduPilot, programu ya bure inayoendesha drone nyingi za kujijengea, hiyo hesabu hupigwa kama mara 400 kila sekunde, kila mota ikipewa amri yake. Upepo ukiisukuma, imejirudisha kabla hujashtuka.

Na si mchezo wa show tu. 2018, drone ya Wingcopter ilibeba dawa kutoka Mwanza, Tanzania, hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60, dakika 40 hivi, ikijiendesha yenyewe. 2021, Infectious Diseases Institute ya Makerere ikaanza kupelekea visiwa vya Kalangala dawa za HIV (ARV) kwa drone. Sisi wa Kasese tuliona mto Nyamwamba ukifurika 2013 na tena 2020, hadi hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Tunajua barabara ikikatika ni noma.

Sasa ngori ya huku kwetu. Rimoti ikipoteza mawasiliano, drone hurudi home yenyewe. ArduPilot usipoigusa, kimo cha kurudi ni angalau mita 15, halafu inachapa laini moja kwa moja. Hizo mita zinahesabiwa kutoka pale uliirushia, si kutoka ardhi iliyo chini yake. Kwa tambarare, poa. Bwera, kilima kikikaa katikati, imedunda hapo na doo zako zimeenda.

Mpaka pia haiujui. Ukirushia Mpondwe, ikivuka mto Lhubiriha iko Congo, na hakuna soja atakubali ati ni upepo. Ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, bila ruhusa ya UWA, wale wa wanyamapori, usijaribu.

Kwa hivyo msee, kibali cha UCAA, mamlaka ya anga, na cha Wizara ya Ulinzi kwanza. Kisha seti kimo cha kurudi kipite kilima kirefu zaidi njiani. Ukimaliza hizo, paisha.