Weusi Hubaki Mbele

Kosa ninaloliona zaidi katika picha za wakulima shambani haliko kwenye nyuso wala mikono. Liko kwenye weusi. Mchoraji huchukua rangi ileile aliyopakia kivuli cha mama aliye mbele, akaipeleka hadi kwenye mti ulio kilomita mbili nyuma, kisha akashangaa mbona mti umeota mgongoni mwa mama.

Hewa ina vumbi na mvuke, na chembe zake zenyewe hutawanya mwanga, hasa wa samawati. Kitu kikiwa mbali, mwanga huo hujaa kati yake na jicho, na cha kwanza kufunikwa ni giza. Leonardo da Vinci alikwisha kuliandika hilo. Kwa hiyo kupaka mlima samawati hakutoshi. Unyang'anye weusi, ulegeze kingo zake.

Tazama "Waokota Masazo" ya Jean-François Millet, ya mwaka 1857, iliyopo Musée d'Orsay, Paris. Wanawake watatu wako mbele: wawili wameinama, wa tatu ameinuka nusu. Vivuli vyao ni vizito, mikono ina uzito wa udongo, na vitambaa vya kichwani, kimoja chekundu, kingine cha buluu, ndizo rangi kali kuliko zote. Nyuma yao kuna mirundo ya nafaka, gari la mavuno na kundi la wavunaji, vyote vikielea katika rangi ya dhahabu iliyopauka. Millet hakuegemea samawati, na alikuwa sahihi: vumbi na unyevu mzito hutawanya rangi zote, hivyo jua la alasiri likipita humo, upeo hupauka.

Wakosoaji wa kihafidhina waliiona picha hiyo kuwa tishio la kisiasa. Nadhani kilichowachoma ni hewa hiyo. Utajiri wa shamba umesukumwa kwenye ukungu, na wanaookota punje zilizosalia wamepewa giza lote, yaani uzito wote.

Ukijaribu mwenyewe, changanya kwanza rangi ya hewa ya siku hiyo, kisha itie kidogokidogo katika kila rangi unaporudi nyuma. Fumba macho nusu. Watu wa mbali wakijitokeza kabla ya wa mbele, futa. Na msimamizi wa wavunaji katika picha ya Millet, aliye juu ya farasi upande wa kulia, ni madoa machache tu ya brashi. Usimchoree macho.