Kuijua Tabia ya Nafsi Yako

 

Vijana wetu wa sekondari, Shinyanga na Geita, siku hizi hujibu maswali katika simu, na mwishoni hupewa herufi nne kuwa ndiyo aina ya tabia zao. Asili yake ni kitabu cha Carl Jung, tabibu wa Uswisi, kilichotoka mwaka 1921; kisha Katharine Briggs wa Marekani na binti yake Isabel wakayatunga maswali. Sisemi kuyajibu ni kosa. Lakini imeonekana kwamba watu wengi wakiyarudia baada ya wiki chache hupata aina nyingine. Wala si ajabu, kwani anayeulizwa ndiye mshitakiwa, ndiye shahidi, na ndiye kadhi.

Wanazuoni wetu waliiona shida hiyo zamani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya njia nne za mtu kuzijua aibu zake: kwa sheikh mwenye busara, kwa rafiki mkweli, kwa ndimi za maadui, na kwa kuchanganyika na watu, ili kila baya aonalo kwa mwenzake alitafute ndani ya nafsi yake. Tazameni: hakuna hata njia moja inayomtaka mtu ajifungie peke yake na kujiuliza. Ya tatu ndiyo chungu zaidi. Adui hutia chumvi, ndiyo, lakini huitia katika chakula kilichokwisha kupikwa.

Imepokewa pia kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar. Umar akamwuliza: ni jirani yako? Mmesafiri pamoja? Mmeamiliana kwa dinari na dirhamu? Akajibu hapana kwa yote, naye Umar akamwambia kwamba hamjui mtu huyo.

Swali la tatu linatuhusu sana sisi wa ukanda wa dhahabu. Katika machimbo madogo, watu waliotoka mbali mbali hushuka duara moja, wakafanya kazi siku nyingi kwa chakula cha mwenye duara kabla mwamba haujatoa kitu. Katika dhiki ile hupatana. Mtihani huja siku ya mgawo, mifuko ya mawe inapohesabiwa, na baadaye dhahabu inapowekwa juu ya mizani. Aliyejiita mkarimu huhesabu gharama mara mbili. Aliyejiita mvumilivu humrukia mwenziwe kwa ajili ya mfuko mmoja. Basi anayetaka kujipima aukumbuke mgawo wake wa mwisho. Nilisema nini? Nilificha nini? Nani aliondoka akinung'unika, na je, alikuwa na haki? Kwa wazazi, mgawo ni siku ile fedha ya pamba au mpunga inapoingia nyumbani. Kwa mwanafunzi, ni zamu ya kuteka maji bwenini.

Wako wanaosema, "Mimi nimeumbwa mkali," kisha wakampiga mke au kumdhulumu kibarua. Maumbile yapo, hatukatai. Mtume (s.a.w.) alipomsifu Ashaji wa Abdul-Qays kwa upole na utulivu, alimweleza kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyemwumba nazo sifa hizo. Lakini Ghazali anahoji: kama tabia haigeuki, mawaidha yote yangekuwa na faida gani? Wasukuma wanajua kwamba maksai avutaye plau leo, jana alikuwa akipiga pembe. Na Kurani inapotaja nafsi iamrishayo maovu, nafsi ijilaumuyo na nafsi iliyotulia, haikugawa watu mafungu matatu ya kudumu. Mtu mmoja huweza kuzipitia zote kati ya alfajiri na isha.

Leo baada ya Magharibi, mwombe mkeo, au mumeo, au mwenzio wa shimoni, akutajie aibu moja aijuayo kwako, nawe unyamaze mpaka amalize.