Ngumi za Wakorea: Ipi Kweli, Ipi Chumvi?

Bloodhounds, tamthilia iliyotoka Netflix Juni 2023 ikiwa na vipindi 8, haitazamwi na watu wawili bila ubishi: wale jamaa wanapigana kweli au wanatuzuga? Ubishi wenyewe una madai yake ya kudumu.

"Stelingi hapigwi." Si kweli, walau kwa Wakorea. Woo Do-hwan na Lee Sang-yi wanaigiza mabondia Gun-woo na Woo-jin, waliowahi kutumikia kikosi cha wanamaji, wanaoingia vitani na genge la mikopo ya kausha damu wakati wa UVIKO-19. Ndani ya hadithi wanapigwa hasa. Gun-woo anabaki na alama ya kisu shavuni.

"Ngumi zile zinafika." Uongo, na ufundi wote umejificha hapa. Rudia pambano lolote, safari hii ukimwacha anayepiga na kumkazia macho anayepigwa. Kamera hukaa nyuma ya bega la mmoja wao, hivyo pengo kati ya ngumi na taya halionekani. Ngumi inapita hewani; anayepigwa ndiye anayezungusha shingo, anatoa pumzi, goti linamlegea, anakwenda chini na kiti. Akichelewa kidogo tu, mpigaji anaonekana kama anafukuza nzi. Mlio wa pigo hutiwa baadaye studio. Kwa maoni yangu, nusu ya sifa tunazommwagia stelingi ni haki ya stantimeni ambaye jina lake hupita mwishoni wakati sisi tumeshabonyeza kipindi kinachofuata.

"Mkorea kazaliwa na taekwondo, mazoezi ya nini?" Hapana. Taekwondo hufundishwa hata jeshini kwao, lakini Bloodhounds ni ndondi: mikono juu kulinda uso, miguu inayotafuta nafasi, ngumi za mbavu. Kuanguka nako kunasomewa. Seoul Action School, iliyoanzishwa na Jung Doo-hong mwaka 1998, imewapika mastanti wengi wa nchi hiyo. Jung Byung-gil alipita hapo, akatengeneza Action Boys (2008), filamu ya hali halisi kuhusu wanafunzi wenzake, kabla ya kuongoza The Villainess mwaka 2017. Anayedhani kazi hiyo ni mchezo aitafute hiyo ya kwanza.

"Waigizaji wenyewe hawafanyi lolote." Chumvi. Hatari kubwa huachiwa mastanti, sawa. Ila kwa ajili ya tamthilia ya My Name (2021), Han So-hee alijifua kwa miezi, na mwenyewe alisema aliongeza kilo 10. Faida yake inaonekana: kamera haina haja ya kuukwepa uso wake, kwa hiyo hasira ya binti anayemsaka muuaji wa baba yake haikatiki katikati ya pambano.

"Pambano refu lisilokatwa ni kompyuta tu." Tutoke kwenye tamthilia kidogo, maana kila pambano la kwenye korido hulinganishwa na lile la Oldboy, filamu ya Park Chan-wook ya mwaka 2003. Choi Min-sik, nyundo mkononi, anapita katikati ya genge zima huku kamera ikimfuata kwa ubavu bila kukata. Lilirekodiwa kwa siku 3, likarudiwa mara 17. Kompyuta ilichangia kisu kilichomchoma mgongoni. Kule kuhema ni kwake mwenyewe.