Biblia ya Picha Iliyopita Mikononi mwa Wafalme

Katika mji wa New York, nchi ya Marekani, iko maktaba iitwayo Morgan, na ndani yake kimehifadhiwa kitabu chenye umri wa zaidi ya miaka 750. Kitabu hicho ni Biblia, lakini kilipotengenezwa hakikuwa na neno hata moja. Kilikuwa picha tupu. Maneno yaliyomo leo yalitiwa baadaye na watu waliokimiliki, nasi kwa maneno hayo twaweza kujua kilikopitia.

Kilitengenezwa Ufaransa yapata mwaka 1250, na wataalamu wengi husadiki kwamba aliyeamuru kifanywe ni Mfalme Louis wa 9. Siku zile mitambo ya kupigia chapa ilikuwa haijafika Ulaya, na kila kitabu kilifanywa kwa mkono. Kurasa zake ni za ngozi, na wachoraji walitumia rangi za thamani pamoja na dhahabu. Picha zaidi ya 300 zaeleza habari za Agano la Kale, tangu kuumbwa kwa ulimwengu hata siku za Mfalme Daudi. Ajabu ni kwamba askari wa Sauli na wa Daudi wamevikwa kofia na mavazi ya chuma kama askari wa Kifaransa wa wakati ule. Mfalme Louis mwenyewe alikwenda Vita vya Msalaba mwaka 1248.

Kwa mtu aliyezijua habari hizo, picha zilitosha. Yapata mwaka 1300, huko Italia, mwandishi alitia maelezo ya Kilatini kandokando ya picha.

Miaka 300 baadaye kitabu kilikuwa mali ya Kadinali Bernard Maciejowski, Askofu wa Kraków katika nchi ya Polandi. Mwaka 1604 Papa Clement wa 8 aliwatuma watawa kwenda kwa Shah Abbas, mfalme wa Uajemi, kutafuta urafiki naye, kwa kuwa wote wawili walikuwa na adui mmoja, yaani Sultani wa Waturuki. Kadinali akawakabidhi kitabu hicho kiwe zawadi. Watawa walipitia Urusi, na safari yao ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Tarehe 3 Januari 1608 kitabu kilitolewa mbele ya Shah katika mji wa Isfahan.

Shah alikuwa Mwislamu, lakini Adamu, Nuhu, Ibrahimu, Musa na Daudi hawakuwa wageni kwake. Hakukiweka kando kitabu hicho. Aliamuru picha zielezwe kwa Kiajemi, na mhuri wake ukapigwa ndani yake.

Mwaka 1722 Waafghani waliuteka mji wa Isfahan. Katika karne hiyo Myahudi aliyekuwa na kitabu aliongeza maelezo ya tatu, ya Kiajemi kwa herufi za Kiebrania, kama vile Kiswahili kilivyoandikwa zamani pwani yetu kwa herufi za Kiarabu. Hivyo Mkristo, Mwislamu na Myahudi, kila mmoja alieleza picha zile zile kwa maandishi ya watu wake, wala hakuna aliyefuta maneno ya mwenzake.

Baadaye kitabu kilifika mikononi mwa Giovanni d'Athanasi, Mgiriki aliyeishi Misri, na mwaka 1833 kikauzwa mnadani London. Kisha kilinunuliwa na Sir Thomas Phillipps, Mwingereza aliyekusanya vitabu vya kale kwa maelfu. Mwaka 1916 tajiri wa Marekani, J. P. Morgan mwana, alikinunua kwa warithi wake, na mwaka 1924 maktaba yake ikafanywa mali ya umma.

Hata hivyo, kitabu hakikufika kizima. Karatasi zake za ngozi 43 ziko New York, 2 ziko Paris, na 1 iko Los Angeles. Wale walioandika kandokando ya picha walituachia ushahidi wa njia yote ya kitabu hiki. Waliozichomoa karatasi walituachia pengo. Atakaye kuifuata hadithi hiyo tangu mwanzo hata mwisho katika karatasi zenyewe, leo hana budi kusafiri katika miji mitatu.