ASIF KARIM: MZEE WA MIAKA 39 ALIYEITWA TENA



Hapa kwetu Yahuma mchezo ni balo ya miguu. Mutu akitaja kriketi, wengi wanauliza: hiyo iko kitu gani? Basi leo tueleze kwanza mchezo wenyewe, kisha tuseme habari za mtu mmoja aliyeucheza, kwani maisha yake inatufundisha sisi watu wa masomo.

1. Kriketi iko namna gani?

Kuna ekipe mbili, kila moja watu 11. Katikati ya kiwanja wanasimamisha miti mitatu upande huu na miti mitatu upande ule. Mrushaji anarusha mpira mdogo, mgumu sana, apate kuangusha miti. Mpigaji anailinda kwa ubao. Akiupiga mpira mbali, anakimbia toka upande mmoja mpaka mwingine. Kila safari ni pointi moja. Lakini miti ikianguka, ao mpira ukidakwa mbele ya kugusa chini, mpigaji sharti atoke. Mrushaji anarusha mara 6, kisha anamwachia mwenzake zamu. Katika Kombe la Dunia kila ekipe inarushiwa mipira 300, na mrushaji mmoja hawezi kupita mipira 60.

2. Karim ni nani?

Waingereza walipeleka mchezo huu India na Kenya. Sisi tulitawaliwa na Wabelgiji, wasioucheza, ndiyo sababu haukufika kwetu. Wahindi wengi waliingia Kenya kujenga reli toka Mombasa, kazi iliyoanza mwaka 1896, na wengine kufanya biashara. Sisi tunawajua Wahindi kama watu wa maduka tu. Lakini huko, watoto wao walicheza kriketi sana, na Waafrika nao wakaingia.

Asif Karim ana asili hiyo ya Bara Hindi. Alizaliwa Mombasa tarehe 15 Desemba 1963, siku tatu nyuma ya uhuru wa Kenya. Alikuwa hodari hata kwa tenisi: alichezea Kenya katika Kombe la Davis. Kwa kriketi alirusha kwa mkono wa kushoto, polepole, mpira ukizunguka. Alikuwa katika ekipe ya Kenya iliyoshinda West Indies mwaka 1996, ajabu kubwa siku zile. Mwaka 1999 alikuwa kapiteni katika Kombe la Dunia kule Uingereza. Kenya ilicheza mara 5, ikashindwa mara 5. Nyuma ya hiyo Karim akaacha, akashika kazi yake ya bima.

3. Siku ya Durban

Mwaka 2003 Kombe lilichezwa Afrika Kusini, na michezo mingine Zimbabwe na Kenya. Karim akaitwa tena, miaka 39! Katika mchezo huo, umri huo ni wa mzee.

Tarehe 15 Machi, mjini Durban, Kenya ilikutana na Australia, ekipe iliyokuwa na Kombe mkononi. Kenya ilipata pointi 174 tu. Australia walianza kuzifuata mbio mbio, watu wakafikiri kazi imekwisha. Ndipo Karim akapewa mpira. Hakurusha kwa nguvu. Alirusha pahali palepale, tena na tena. Akamtoa kapiteni Ricky Ponting, akamtoa Lehmann, akamtoa Hogg. Katika mipira 50 aliyorusha, Australia walipata pointi 7 tu! Zamu zake 6 nzima hazikutoa hata pointi moja.

Je, Kenya ilishinda? Hapana. Australia walifika 178, watu 5 tu wakiwa wametolewa. Lakini waamuzi wa zawadi walimtaja Karim kuwa mchezaji bora wa siku ile, yeye wa upande ulioshindwa. Tarehe 20 Machi Kenya ilicheza nusu fainali na India, inchi ya asili ya wazee wake. India walipata 270, Kenya 179. Hapo Karim akaacha kabisa. Nyuma yake, mwana wake Irfan naye alichezea Kenya.

4. Somo kwetu

Katika madarasa yetu kuna ndugu waliorudi masomoni nyuma ya miaka mingi. Wengine walikosa minervali, wengine walizaa, wengine vita iliwatoa. Tena kuna walioanguka Egzamani ya Serikali na sasa wanairudilia. Tunawaita « wazee », tunacheka. Mtu akichekwa kila siku, mwisho anaacha benchi yake wazi.

Tumwangalie Karim. Nguvu ya ujana ilikuwa imepita, lakini alijua kufanya jambo moja sawasawa, mara 50 bila kuchoka. Hesabu inataka vile vile, na sarufi pia: si mbio ya usiku mmoja mbele ya egzamani, ni zoezi dogo kila siku. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto, alitaja wakimbiaji wanaojizuia kwa ajili ya taji. Basi ninyi mlioitwa tena, njoni mkae mbele. Na sisi wengine tuache kucheka, tuwape daftari wanakili.